Projekta ya kibanda changu Pasua ina baka la njano, fundi anasema ninunue taa mpya. Ni kweli?

MwanaPasua

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naomba msaada wa mtu anayezijua projekta kwa undani.

Nina kibanda cha mpira hapa Pasua, Moshi. Kilikuwa cha marehemu kaka yangu, nimekishika mimi tangu alipofariki, huu mwaka wa tatu. Kwenye mabenchi wanaingia watu 60, wakijibana 75. Kiingilio 500, mechi kubwa 1,000. Hiyo ndiyo ada ya watoto wangu wawili na mmoja wa kaka, kwa hiyo kwangu hili ni jambo zito.

Projekta kubwa kaka aliinunua mtumba, ilitoka ofisini. Ubavuni imeandikwa 3LCD. Picha yake ilikuwa safi, hata namba za migongoni unazisoma ukiwa benchi la nyuma. Tangu Januari likaanza baka la njano upande wa kushoto, kama mtu kamwaga chai kwenye shuka. Limekua, sasa linakaribia katikati. Mchezaji mwenye jezi nyeupe akipita hapo anageuka njano na watu wanaguna. Fundi wa mjini aliiwasha dakika 5 akasema taa imeisha, ninunue mpya, 350,000.

Sikuwa nayo. Nikanunua ndogo mpya kwa 280,000. Kwenye boksi wameandika lumeni 9,000, yaani kipimo cha mwanga, na 1080p. Usiku inajitahidi, lakini mechi ya saa kumi jioni mpira hauonekani kabisa, na matokeo kule kwenye kona yana ukungu. Ile kubwa kaka aliniambia ni ya lumeni 3,000. Sasa 9,000 inashindwaje na 3,000?

Maelezo mengine huenda yakasaidia. Shuka langu lina upana wa mita 3. Projekta ipo juu kwenye boriti, imeinamishwa. Kibanda ni mabati na turubai. Vumbi lipo, barabara yetu haina lami. Mechi ikiisha nazima kila kitu kwa swichi kubwa ya mlangoni ili luku isiliwe bure.

Naomba mnieleze projekta inatengenezaje picha hasa. Nikishaelewa hilo, nitajua nikipewa jibu lisilo la kweli.

Chipukizi_Soweto

Dada yangu, uza zote mbili ununue TV ya inchi 65. Haina taa ya kubadilisha wala haisumbui mchana.

MwanaPasua

Ahsante kaka. Nimeulizia, bei yake siwezi kwa sasa, na watu wa benchi la nyuma hawataona mpira. Naomba tubaki kwenye projekta.

MzeeWaGeti

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na kaka. Usinunue taa bado. Nitakwambia sababu, ila nianzie mbali kidogo, maana umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi.

Mimi niko Kaloleni, Arusha. Tangu 1973 hadi 1989 nilikuwa mwendesha mashine kwenye jumba la sinema hapa mjini. Kumbukeni Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo Jumapili familia nzima ilikuja sinema. Baada ya hapo nimekuwa nikitengeneza projekta za mashuleni na za makanisa mpaka leo.

Shika jambo moja kwanza. Kila projekta, iwe ya mkanda au ya kisasa, ina taa kali nyuma, ina kitu katikati kinachozuia mwanga mahali fulani na kuuachia mahali pengine, na ina lenzi mbele. Basi. Picha unayoiona ukutani ni ule mwanga ulioruhusiwa kupita. Kwa hiyo projekta ikiharibika, kazi ya fundi ni kuufuata mwanga hatua kwa hatua tangu kwenye taa, aone unapotelea wapi. Fundi anayekutajia taa kabla ya kufungua hata skrubu moja hajaufuata.

Kwetu kitu cha kuzuia mwanga kilikuwa mkanda wa milimita 35. Taa yetu haikuwa na globu. Zilikuwa fito mbili za kaboni. Unazigusanisha, unazitenganisha kidogo, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mkali ambao huwezi kuutazama kwa macho. Tulichungulia kwa kidirisha cha kioo cheusi. Fito zinaungua huku zinapungua, kwa hiyo kila baada ya muda unasogeza kishikio kuzirudisha umbali wake. Ukizubaa, skrini inapoa, kule chini miluzi inaanza. Joto la chumba kile, na harufu ya kaboni, shati likikauka linabaki na chumvi mgongoni.

Mkanda nao hauteremki kama maji ya bomba. Unakwenda kwa kushtuka. Picha inashuka mbele ya taa, inasimama kabisa, inaondoka, inashuka nyingine, inasimama. Mara 24 kwa sekunde. Pale inaposimama ndipo tunapaita geti, na jina langu humu limetoka hapo. Kinachousimamisha ni chuma kidogo chenye mianya minne, msalaba wa Malta. Pembeni yake kuna gurudumu lenye pini, linazunguka muda wote bila kusita. Pini ikiingia kwenye mwanya, inausukuma msalaba robo mzunguko na picha moja inashuka. Pini ikitoka, msalaba unajifunga, mkanda unatulia. Robo ya muda picha inahama, robo tatu imesimama.

Wakati inahama lazima mwanga uzibwe, la sivyo ungeona kila kitu kimevutwa kama rangi mbichi iliyopanguswa. Kazi hiyo ni ya shata, ina mapanga mawili kama ya feni. Panga moja linafunika mkanda ukihama. La pili linakata mwanga tena picha ikiwa imesimama, kusudi macho yapate mimweko 48 badala ya 24, maana kwa 24 skrini inapepesa hadi kichwa kiume. Ukijumlisha, karibu nusu ya muda skrini ilikuwa giza tupu. Mtu aliyekuja kutazama filamu ya Kihindi ya saa tatu, saa moja na nusu hivi alikaa gizani na hakujua. Mzee wa Kihindi aliyenifundisha kazi aliniambia hilo wiki ya kwanza, nikabishana naye hadi alipozungusha mashine kwa mkono taratibu, nikaona shata likifunga na kufungua.

Filamu ya saa tatu ni karibu kilomita 5 za mkanda, na zote zilipita mikononi mwangu nikizirudisha kwenye gurudumu, kidole kikipapasa ukingo kutafuta tundu lililochanika. Kingine, mkanda tuliuingiza kichwa chini. Lenzi inavusha mwanga wa juu kwenda chini na wa chini kwenda juu, kwa hiyo ukiuingiza wima, watu watatembea kwa vichwa ukutani. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa yako. Taa yake ni nyeupe. Mwanga ukitoka pale unakutana na vioo maalumu vinavyotenga rangi, nyekundu inakwenda njia yake, kijani njia yake, bluu njia yake. Kila njia ina kioo kidogo cha LCD, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Projekta nyingi za ofisi za zamani zina vidirisha 1,024 kwa 768 juu ya ukucha huo, yaani 786,432, na kila kimoja kinaamuliwa peke yake kipitishe mwanga kiasi gani. Baadaye rangi zote tatu zinakutana kwenye kipande cha kioo cha pembe nne, prizimu, zinatoka pamoja kwenye lenzi. Hakuna mkanda unaoshtuka wala shata.

Kidirisha kinazuiaje mwanga? Chukua kamba ndefu, ipitishe kwenye uzio wa fito zilizosimama, shika ncha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita katikati ya fito. Ukiitikisa kushoto na kulia, linagonga fito linakufa. Mwanga nao hutikisika, na mbele ya kila kioo cha LCD pamebandikwa karatasi laini inayofanya kazi ya uzio huo, inaitwa polaraiza. Nyuma yake ipo ya pili. Kioo kilicho katikati kinaupinda mtikisiko wa mwanga. Umeme ukibadilika, upindaji unabadilika, na mwanga ukifika kwenye uzio wa pili unapita wote, au kidogo, au haupiti.

Mwanga usiopita hauendi popote mwanangu. Unageuka joto palepale kwenye polaraiza. Feni ikipeleka hewa ya kutosha, polaraiza inadumu miaka. Hewa ikipungua, inaungua pole pole, inageuka kahawia kama ukoko, na mara nyingi ya bluu ndiyo hutangulia, kwa kuwa mwanga wa bluu una nguvu kuliko wa nyekundu. Bluu ikikwama mahali fulani, hapo zinabaki nyekundu na kijani. Nyekundu na kijani za mwanga zikichanganyika zinatoa njano.

Ndilo baka lako la chai. Taa ikichoka, picha nzima hufifia sawasawa. Taa haiwezi kuchoka upande wa kushoto peke yake, tena kwa rangi moja.

Fanya jaribio hili. Tengeneza picha tatu kwenye simu au kompyuta, moja nyekundu tupu, moja kijani tupu, moja bluu tupu. Zioneshe ukutani usiku. Halafu fungua mlango wa filta ubavuni, utuambie ulichokuta.

MwanaPasua

Mzee wangu, nimefanya usiku huu huu, nimeshindwa kulala.

Nyekundu safi. Kijani safi. Bluu ina tundu jeusi upande wa kushoto, lina umbo la jani la mpera, palepale kwenye baka. Nimesimama mbele ya shuka nikalishika kwa kiganja.

Filta sikujua kama ipo. Mlango wake nilidhani ni wa betri. Nimetoa sifongo nyembamba iliyojaa vumbi jekundu, limeshikana mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Nilipoigonga juu ya gazeti lilibanduka zima. Ukiinua sifongo kwenye balbu, mwanga haupiti. Miaka mitatu sijaigusa, na sijui kaka aliigusa lini.

Fundi_Ngarenaro

Shikamoo mzee. Maelezo yako nimeyahifadhi, mimi nilijifunzia mitaani, hakuna aliyeniambia kisa cha kamba na uzio.

Dada, mimi nizungumzie ile ndogo, kwa sababu naletewa nyingi. Ndani yake hakuna vioo vitatu. Kuna LED moja, kioo kimoja cha LCD kama cha simu, na kila kidirisha kimepakwa rangi yake, nyekundu, kijani au bluu. Kidirisha chekundu kinapokea mwanga mweupe, kinapitisha nyekundu peke yake, nyingine inafia pale. Yaani theluthi mbili hivi imepotea hata kabla hujaonesha picha yoyote. Polaraiza inakula nusu ya kilichoingia. Kinachofika kwenye shuka ni kidogo mno.

Na zile 9,000 si kipimo cha mwanga uliofika ukutani. Kipimo cha kuaminika kinaitwa ANSI lumeni. Skrini nyeupe inagawanywa sehemu 9, kila moja inapimwa katikati yake, halafu wanatafuta wastani. Kama boksi halijaandika ANSI au ISO mbele ya namba, usiipigie hesabu.

1080p nayo inaweza kuwa na maana kwamba inakubali kupokea picha ya ukubwa huo. Angalia ndani ya karatasi ya maelekezo, tafuta idadi halisi ya vidirisha. Nyingi ninazoletewa ni 800 kwa 480, ambavyo ni 384,000. King'amuzi chako kikileta picha ya 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni 2, sehemu kubwa inatupwa ili itoshee. Ndiyo maana namba za matokeo hazisomeki. Iweke kwa ajili ya katuni za watoto usiku, inatosha.

MwalimuFizikia_Marangu

Nimefurahishwa sana na uzi huu. Nafundisha sekondari huku juu Marangu, na kesho kutwa kidato cha tatu wataleta kamba darasani kwa sababu ya Mzee.

Dada, nikuongezee hesabu moja. Projekta haiongezi mwanga unapokuza picha, inausambaza ule ule. Shuka la mita 3 kwa umbo la televisheni lina urefu wa kwenda juu karibu mita 1.7, eneo lake mita za mraba 5 na kidogo. Ukipunguza upana hadi mita 2, eneo linakuwa mita za mraba 2.25. Mwanga uleule umekusanywa, picha inang'aa zaidi ya mara 2. Kwa mechi ya saa kumi sogeza projekta mbele au tumia zoom, ukubali picha ndogo. Usiku rudisha mita 3.

Pia projekta haiwezi kurusha nyeusi. Nyeusi unayoiona ni shuka lako mahali ambapo hapakuangazwa. Kama jua linaingia kwa matundu ya misumari kwenye mabati, nyeusi yako ni kijivu, na mpira unazama humo. Ziba matundu, tundika kitu cheusi mlangoni, paka rangi nyeusi au funika ukuta ulio mkabala na shuka. Hizo hazifiki hata robo ya bei ya taa.

Kwa walio huku mlimani kama mimi: kwenye menyu ya projekta kuna sehemu ya mwinuko. Kitabu cha yetu kinasema iwashwe kuanzia mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, inabeba joto kidogo, kwa hiyo feni lazima izunguke haraka zaidi. Moshi mjini hauhitaji, mko chini ya mita 1,000. Sisi tulikuwa hatujaiwasha, projekta ya shule ikawa inajizima katikati ya somo.

Yetu ni ya DLP, aina tofauti na hizo mbili. Ndani yake kuna chipu yenye vioo vidogo mno, mamia ya maelfu au mamilioni, kila kioo ni pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Larry Hornbeck wa Texas Instruments aliibuni 1987. Kila kioo kinainama nyuzi 12 upande huu au upande ule, maelfu ya mara kwa sekunde. Kikiinama huku, mwanga unakwenda kwenye lenzi. Kikiinama kule, unatupwa pembeni kwenye kitu cheusi kinachoumeza. Kijivu kinapatikana kwa kugawa muda: kioo kikikaa nusu ya muda huku na nusu kule, jicho linaona kijivu. Rangi zinatoka kwenye gurudumu la vioo vya rangi linalozunguka mbele ya taa. Yetu imeanza kuonesha vidoti vyeupe kama nyota, ni vioo vilivyokwama upande wa lenzi. Hapo hakuna kusafisha, ni kubadilisha chipu.

Mzee wangu, naomba niulize kwa heshima. Vitabu vingi vinasema tunaona mwendo kwenye sinema kwa kuwa jicho linashika picha iliyotangulia hadi inayofuata ifike. Nawe wafundisha hivyo?

MzeeWaGeti

Marahaba Fundi, marahaba Mwalimu.

Mwalimu, mzee wangu wa Kihindi alisema hivyo, na mimi nilirudia maneno yake miaka mingi. Lakini nilikuja kuona hayatoshi. Jicho lingekuwa linashika picha iliyopita tu, mtu anayetembea angeonekana amerundikana juu ya mwenzake, miguu minne, sita. Mimi nimeshikilia mkanda mkononi, nimeona picha moja mguu uko hapa, inayofuata uko pale, katikati hakuna kitu. Kule katikati nani amejaza? Sikuwahi kukuta picha hiyo kwenye mkanda.

MwalimuFizikia_Marangu

Umenena Mzee. Kuna mambo mawili, na watu wameyachanganya. La jicho kuunganisha mimweko ya haraka linaeleza kwa nini hatuoni giza la shata. La mguu kutoka hapa kwenda pale ni kazi ya ubongo, wenyewe unaunganisha nafasi mbili na kuona mwendo. Taa za mapambo zinazoonekana kukimbia hufanya vivyo hivyo, wakati kila taa imekaa mahali pake.

MzeeWaGeti

Nimekushukuru.

Sasa mwanangu wa Pasua, twende kwenye kazi. Jani la mpera kwenye bluu limethibitisha, polaraiza ya bluu imeungua. Vitu viwili vimeiunguza, na vyote umevitaja mwenyewe.

Cha kwanza ni lile blanketi. Osha sifongo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ianike kivulini ikauke kabisa ndipo uirudishe. Kwa vumbi la Pasua itazame kila Jumatatu. Na kama picha nzima imefifia, huenda vumbi nalo limechangia, maana likipita filta linakaa juu ya vioo vya ndani.

Cha pili ni swichi ya mlangoni. Taa ya projekta kama hiyo ni mvuke wa zebaki ndani ya kibuyu kidogo cha kioo, mgandamizo wake unazidi mara 200 wa hewa tunayovuta. Mechi ikiisha ina moto mkali. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, taa inazimika lakini feni inaendelea dakika 1 au 2 kutoa joto. Wewe unakata umeme, feni inakufa papo hapo, joto lote linabaki ndani linapika vioo na polaraiza. Kila mechi, miaka mitatu. Zima kwa kitufe, kusanya chupa chini ya mabenchi, feni ikinyamaza ndipo ushuke kwenye swichi. Umeme wa luku uliookoa hapo haufiki bei ya peremende. Na kwa kuwa umeme hukatika wenyewe, tafuta UPS ndogo, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, hata ya mtumba, kazi yake iwe kuipa projekta dakika hizo mbili.

Polaraiza inauzwa kipande peke yake. Mpelekee fundi aliyewahi kufungua 3LCD, mwambie maneno haya: "Polaraiza ya njia ya bluu, usiguse kioo cha LCD wala usilegeze prizimu." Vile vioo vitatu vimepangwa vikalingana kwa usahihi mkubwa; vikisogea unywele, utaona kila mchezaji ana kivuli chekundu. Akikwambia lazima abadilishe kila kitu, beba projekta yako uondoke. Kabla ya kwenda, fungua menyu usome saa za taa. Kama hazijafika kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, taa unayo.

Mwisho ni ile boriti. Umeiinamisha, kwa hiyo picha ilitoka pana upande mmoja, ukainyoosha kwa menyu, siyo? Ule unyooshaji unafanywa kwa kuvifunga vidirisha vya pembeni na kuibana picha kwenye vilivyobaki. Umelipia 786,432 halafu unatumia pungufu. Ifunge juu chini kwenye boriti, tumbo liangalie dari, usawa wa ukingo wa juu wa shuka. Projekta za ofisi zimetengenezwa zirushe picha kwa kupandisha ikiwa imekaa mezani, kwa hiyo ukiipindua itateremsha yenyewe bila kuinamishwa. Picha itakuja kichwa chini. Kwenye menyu utakuta sehemu ya kufunga darini, igeuze. Sisi tulipindua mkanda, wewe unapindua kwa kitufe.

MwanaPasua

Shikamoo Mzee wangu, shikamoo Mwalimu, Fundi ahsante sana. Wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Saa za taa zilikuwa 1,870, kitabu kinasema 4,000. Fundi mwingine niliyeelekezwa alikubali maneno yako bila ubishi. Polaraiza iliagizwa Dar, ikaja kwa basi, jumla pamoja na kazi nimelipa 65,000. Akafuta na vioo vya ndani kwa brashi laini. Nilisimama naye mpaka akafunga skrubu ya mwisho.

Baka limeondoka lote. Nimeipindua juu ya boriti, nikafuta marekebisho ya menyu, mistari ya uwanja imenyooka hata kwenye kona. Nimeziba mabati, nikatundika magunia meusi mlangoni. Jumamosi mechi ya saa kumi na moja niliibana mita 2, wazee wa benchi la nyuma wakalalamika picha ndogo, kipindi cha pili kigiza kilipoingia nikaikuza na wakanyamaza. Sasa swichi ya mlangoni nimeifunga kwa gundi ya karatasi, mtu asiizime kwa mazoea.

Kile kipande kilichoungua fundi alinirudishia. Ni kidogo kuliko stempu, upande mmoja kahawia kabisa kama ulivyosema, ila kona moja bado safi. Fundi alinionesha ukiweka ile kona juu ya kioo cha kikokotoo na kuizungusha, namba zinafifia, zinapotea, zinarudi. Mtoto wa kaka amekichukua. Tangu jana amekaa mlangoni na kikokotoo cha shule, anazungusha kipande, namba zinazimika, anazungusha tena, zinarudi, na ameniomba aende nacho kesho kwa mwalimu wake.